Yubile Huanza kwa Kulipa Deni
Hotuba ya wanakwaya katika ibada ya shukrani ya miaka 50



Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, kwaya jirani, na ninyi majirani wa dini nyingine mlioitikia mwaliko wetu: tunawasalimu kwa upendo. Ni kwa neema tu tumeiona siku hii.

Tuliombwa tuseme machache kuhusu wokovu, kwa kuwa ndio tuliouimba miaka hii yote. Safari, mashindano na sare zetu mtazisoma ndani ya kijitabu hiki. Sisi tunaomba tuanze na deni.

Mambo ya Walawi sura ya 25 inatueleza kwamba tarumbeta ya yubile ilipigwa Siku ya Upatanisho. Ikishasikika, mtumwa alirudi kwao na shamba likarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo yubile haikuwa sauti tamu peke yake. Baada ya sauti, ilibidi mtu afunguliwe. Nasi tuna deni, na anayetudai ameketi humu pamoja nasi.

Miaka kadhaa iliyopita, dada yetu mmoja wa sauti ya pili alifiwa na kaka yake. Kaka huyo alilelewa katika kanisa, lakini baadaye alisilimu, akaoa, akaishi Manyatta na familia yake. Alifariki alfajiri, na kwa desturi ya Waislamu angezikwa siku hiyo hiyo. Sisi huku tumezoea matanga ya siku nyingi, kwaya ikiimba usiku kucha. Habari ilitukuta mazoezini. Mmoja wetu alisema, "Twendeni." Mwingine akauliza, "Tukaimbe nini kule?" Wa tatu akasema marehemu aliuacha wokovu, na tukienda tutaonekana tumekubali. Tukabishana kidogo, kisha tukaurudia wimbo wa Jumapili.

Jumapili hiyo dada yetu alikuja, akasimama mahali pake, akaimba. Baada ya ibada alituambia, "Sikuwataka muimbe. Nilitaka mje tu." Baadaye tulisikia kwamba aliyemshika mkono siku ya maziko, akamlazimisha anywe hata uji kidogo, alikuwa jirani yake Mwislamu. Wapendwa, mnaijua habari ya Msamaria mwema. Tuliifundisha Shule ya Jumapili, lakini siku ile sisi ndio tuliopita kando. Dada yetu ametupa ruhusa tuyaseme haya leo.

Je, tunasema sasa kwamba dini zote ni sawa? Hapana. Mwislamu mwenyewe hasemi hivyo, na si heshima kumsemea. Sisi tunakiri kwamba wokovu uko kwa Yesu Kristo, kama Petro alivyoliambia baraza katika Matendo 4:12. Lakini tusiifunge Biblia hapo. Petro huyo huyo, katika sura ya 10, anaingia nyumbani kwa Kornelio, mtu ambaye desturi ilimkataza kumtembelea. Anakiri humo kwamba Mungu hana upendeleo. Alipoulizwa na ndugu zake huko Yerusalemu, alijibu kwamba yeye hakuwa na uwezo wa kumzuia Mungu. Imani yake haikupungua kwa kuvuka kizingiti kile. Sisi tuliogopa kwamba yetu ingepungua.

Na je, kaka yake dada yetu yuko wapi leo? Hukumu hiyo hatukukabidhiwa. Tulikabidhiwa ushuhuda, na siku ile tuliuacha nyumbani.

Mji wetu haujawahi kuwa wa dini moja. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, wengi walioijenga walikuwa wametoka India: Wahindu, Masingasinga na Waislamu. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari mwaka 1906. Johana Owalo, mwana wa Nyanza, alipitia misheni na Uislamu kabla ya kuanzisha Kanisa la Nomiya. Leo hii tukitoka ibadani tukapitia Kibuye, anayetupimia omena na anayetushonea sare huenda si wa kanisa letu, pengine si wa dini yetu. Ni majirani tuliopewa na Mungu.

Tena tusidhani hatari hutoka kwa wengine tu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Inaelezwa kwamba watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Jina lililotumika ni hili tunaloliimba. Kwa hiyo, kabla ya kusambaza kwenye simu video inayodhihaki ibada ya mwenzako, tazama kwanza ni nani anayeuza wokovu ndani ya nyumba yetu.

Sasa tulipe deni. Sisi wanakwaya tumekubaliana hivi: mwenzetu akifiwa, mazoezi yanakoma, hata marehemu awe wa dini gani. Tutakwenda. Kwa Waislamu hatutabeba ngoma wala kinanda. Akina dada watajifunika vichwa na kukaa na akina mama wa nyumba hiyo, na wanaume watawauliza wenyeji wasaidie wapi. Tukiulizwa tumaini letu ni nani, tutamtaja Yesu bila kuona haya. Tusipoulizwa, tutateka maji na kupanga viti.

Dada yetu, mbele ya kanisa hili tunasema: tulikukosea, utusamehe. Ukitusamehe, ndipo yubile yetu itakuwa imeanza.