USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA: PIKAPU NA MASOKO YAKE

Mwananchi wa Tanzania akiona gari la polisi lililo wazi nyuma, askari wameketi juu yake na silaha zao, husema, "Difenda hiyo inapita." Hasemi hivyo kwa kuwa ameisoma chapa ya gari. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilikoma kuunda Land Rover Defender ya asili mwezi Januari 2016, na mara nyingi gari linaloitwa hivyo leo ni Toyota Land Cruiser. Jina limebaki kinywani, lakini soko limekwisha kulibadili gari lenyewe. Jambo hilo lina funzo kwa kila askari. Gari analolipanda halikuchaguliwa na mkuu wake peke yake. Lilichaguliwa pia na sheria za kodi, hali ya barabara, bei ya mafuta na maghala ya vipuri; na baadhi ya sheria hizo zilitungwa mbali sana na Afrika.

Pikapu ya kiasi cha kati, ile ibebayo mzigo wa tani moja hivi, inafahamika katika kila wilaya ya Afrika Mashariki: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Nissan Navara na nyinginezo za jamii hiyo. Ni gari la mganga wa wilaya, la bwana shamba, la mkandarasi, la mfanyabiashara wa mnadani na la mkuu wa kituo cha polisi. Aliyezoea kuiona hapa hudhani kwamba gari hilo hupendwa hivyo hivyo duniani kote. Sivyo hata kidogo. Ziko nchi ambako pikapu hizo ndizo malkia wa barabara, na ziko nchi tajiri ambako hazionekani ila kwa nadra. Tofauti hiyo haielezwi kwa ubora wa gari.

Mfano wa kwanza ni Marekani. Mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Wafugaji wa Marekani walipiga kelele, na Rais Lyndon Johnson akajibu mapigo. Kuanzia mwaka 1964 magari madogo ya mizigo yaliyotoka nchi za nje yakatozwa ushuru wa asilimia 25, ambapo kwa miaka mingi gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5 tu. Shabaha ilikuwa magari ya Volkswagen ya Ujerumani Magharibi. Ugomvi wa kuku ukasahauliwa, lakini ushuru uliozaliwa na ugomvi huo ukaendelea kuishi kwa zaidi ya miaka 60, na waliokuja kubanwa zaidi ni Wajapani, ambao hawakuwamo katika ugomvi wenyewe.

Matokeo yake ni ya ajabu. Hilux inayofahamika Tabora na Tarime haiuzwi Marekani. Kampuni ya Toyota ilitengeneza pikapu nyingine kwa soko hilo, Tacoma, iliyotolewa mwaka 1995 na kuundwa huko huko Amerika ya Kaskazini ili kuuepa ukuta wa ushuru. Nyuma ya ukuta huo, penye barabara pana na petroli isiyotozwa kodi kubwa, yalistawi magari makubwa zaidi. Pikapu za Ford za jamii ya F zimeongoza mauzo ya aina hiyo nchini humo tangu mwaka 1977. Gari ambalo mkulima wa Mbeya angeliita kubwa, Mmarekani huliita la wastani, na wengine huliona dogo. Hata Ford wenyewe, walioanza kuuza Ranger mpya katika sehemu nyingi za dunia mwaka 2011, mwaka huo huo waliacha kuunda Ranger ya nyumbani kwao, na hawakuirudisha sokoni Marekani hadi mwaka 2019. Kampuni ilikuwa moja na jina la gari lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni soko.

Thailand ilipita njia nyingine. Serikali ya nchi hiyo ilizitoza pikapu za tani moja kodi ndogo kuliko magari ya abiria. Mkulima wa mpunga na mwenye duka wakaona afadhali gari moja libebe magunia siku za kazi na jamaa siku ya mapumziko. Wanunuzi walipokuwa wengi, viwanda vikafuata. Viwanda vilipofuata, watengenezaji wa vipuri wakajenga karibu navyo. Mwaka 2004 Toyota ilianza kuunda huko Hilux ya mtindo mpya kwa ajili ya dunia nzima. Tarehe 1 Januari 2005 mkataba wa biashara huria kati ya Thailand na Australia ukaanza kutumika, na pikapu za Thailand zikaingia Australia bila kizuizi cha ushuru. Australia, nchi ya mashamba, migodi na safari ndefu, ilizipokea kwa mikono miwili. Hilux iliongoza mauzo ya magari yote nchini humo kuanzia mwaka 2016 hadi 2022, na mwaka 2023 ikapokewa uongozi na Ford Ranger. Lakini faida hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Mwezi Oktoba 2017 viwanda vya mwisho vikubwa vya kuunda magari nchini Australia vilifunga milango. Taifa liliendelea kununua magari, lakini ustadi wa kuyaunda ukawatoka mafundi wake.

Japani nayo ina kisa chake. Hilux ilizaliwa huko mwaka 1968. Hata hivyo mwaka 2004 iliondolewa katika soko la Japani, kwa sababu wanunuzi wa nyumbani walikuwa wameiacha. Njia za vijijini ni nyembamba, na mkulima wa Japani hutosheka na kigari kidogo sana cha mizigo chenye kodi nafuu, hali pikapu kubwa huhesabiwa kuwa gari la mizigo la kukaguliwa kila mwaka. Iliporudi mwaka 2017, ilirudi kutoka Thailand ikiwa ndani ya meli. Mzazi alimnunua mtoto wake ng'ambo.

Huko Ulaya fedha ipo, na barabara ni nzuri. Lakini fundi wa bomba au wa umeme hupendelea gari lililofungwa pande zote, ili vyombo vyake visilowe mvua wala visiibwe. Mafuta hutozwa kodi kubwa, na vichochoro vya miji ya kale havina nafasi. Mercedes-Benz ilijaribu bahati yake mwaka 2017 kwa pikapu iliyoitwa X-Class, iliyojengwa juu ya msingi wa Nissan Navara. Mwaka 2020 ikaacha kuiunda. Jina kubwa halikuweza kuunda haja mahali ambapo haja haikuwapo.

Kutokana na mifano hiyo, ni dhahiri kwamba wingi wa mauzo si cheti cha ubora. Askari anayeambiwa kwamba gari fulani linaongoza mauzo nchi fulani hana budi kuuliza: linaongoza kwa sheria gani, kwa barabara gani, na kwa mafuta ya bei gani?

Swali hilo lina uzito mkubwa zaidi likiulizwa hapa, miongoni mwa majirani. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliweka asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Ni tarakimu ile ile ya Marekani, lakini haikujenga ukuta wa namna ile, maana gari linaloletwa vipande vipande ili liunganishwe ndani ya Jumuiya liliachiwa lipite bila ushuru huo. Kenya, iliyokuwa na karakana za kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa tangu miaka ya 1970, ilikuwa tayari kulitumia tundu hilo. Mwaka 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors katika kiwanda cha Nairobi, na pikapu za D-Max zikaunganishwa hapo na mikono ya Wakenya. Aidha, Kenya imepiga marufuku kuingizwa kwa magari makuukuu yaliyozidi umri wa miaka 8. Tanzania haikuchagua katazo la namna hiyo, bali hutoza kodi ya ziada kwa gari lililozidi umri uliowekwa. Kwa hiyo mnunuzi wa Arusha na mnunuzi wa Nairobi, wenye barabara zinazofanana na mifuko inayofanana, hukutana na magari yasiyofanana sokoni.

Tofauti nyingine ni ya usukani. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji huendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Gari lililotumika Japani, lenye usukani wa kulia, ni mwenyeji katika kundi la kwanza na ni mgeni katika kundi la pili. Dereva wa jeshi aliyewahi kushiriki ulinzi wa amani mashariki ya Kongo haambiwi maana yake: kulipita lori jingine mlimani, hali umekaa upande usioona mbele, ni jambo la roho mkononi.

Kusini zaidi, Afrika Kusini imekuwa karakana kubwa ya pikapu barani. Hilux huundwa Durban, Ranger huundwa karibu na Pretoria, na Isuzu huundwa Gqeberha. Serikali ya huko iliwapa wenye viwanda nafuu za ushuru kwa kadiri walivyouza nje, ndiyo maana magari ya Durban huonekana katika nchi nyingi za Afrika. Lakini mwezi Aprili 2022 mafuriko makubwa yalikikumba kiwanda cha Durban, na kazi ikasimama kwa miezi. Mvua ya siku chache katika mji mmoja ikawafanya wanunuzi wa nchi nyingine wangoje. Nchi inayotegemea mlango mmoja lazima ijue kwamba mlango huo waweza kufungwa hata pasipo adui.

Hapa ndipo biashara inapokutana na ulinzi. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yalipambana na majeshi ya Libya yaliyokuwa yamekalia kaskazini ya nchi yao. Walibya walikuwa na vifaru na ndege. Wachad walikuwa na pikapu za Toyota, zilizofungwa bunduki kubwa na makombora ya kupiga vifaru ambayo Ufaransa iliwapatia. Mwezi Januari waliitwaa Fada. Mwezi Machi wakaitwaa Ouadi Doum, kambi yenye uwanja wa ndege. Dunia ikaviita vita vile Vita vya Toyota. Hata hivyo askari mwenye busara hasomi kisa hicho nusu. Bati la pikapu halizuii risasi. Ushindi uliletwa na mwendo wa kasi, ujuzi wa jangwa na madereva waliolifahamu gari lao. Gari la namna hiyo hiyo, tangu dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, limewabeba huko wababe wa vita wasiojali raia. Chombo hakina uaminifu. Uaminifu ni wa mtu.

Tanzania nayo inayo kumbukumbu yake. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, magari ya jeshi peke yake hayakutosha. Mabasi na malori ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kuwapeleka wapiganaji mbele. Kwa maneno mengine, saa ya hatari ilipofika, nchi ilipanda kile ilichokuwa imekwisha kukinunua wakati wa amani. Kila lori lililokuwa na springi nzima na fundi aliyelijua likawa sehemu ya ulinzi; na lile lililosimama juu ya mawe kwa kukosa kipuri halikumsaidia mtu. Si ajabu kwamba katika miaka ya 1980 kilianzishwa kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, huko Kibaha, chini ya Wizara ya Ulinzi. Waliokianzisha walikuwa wameona kwa macho yao gharama ya kutegemea karakana za wengine.

Kwa hiyo aina ya pikapu inayouzika katika nchi si habari ya wafanyabiashara peke yao. Pale ambapo gari moja limeenea, mafundi wa kila mji hulifahamu, vipuri hupatikana mpaka minadani, na kituo cha polisi cha mpakani hakingoji mwezi mzima kwa ajili ya pampu moja. Lakini kuenea huko huko humvuta mwizi, kwa kuwa kipuri kilichoibwa upande huu wa mpaka hupata mnunuzi upesi upande wa pili. Kuanzia mwaka 2013 Serikali ya Kenya ilichukua njia ya kukodi magari ya polisi, ili mzigo wa matengenezo umwangukie mwenye gari. Kila jirani anatafuta jibu lake, na jibu la mmoja halinakiliwi na mwingine bila kupimwa.

Wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Gari linalopita doria usiku limeundwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kiwandani, kwa chuma. Mara ya pili ni kwa sheria ya kodi, kwa barabara na kwa mkono wa fundi. Kuundwa kule kwa kwanza bado, kwa sehemu kubwa, kumo mikononi mwa mataifa mengine. Kule kwa pili kumo mikononi mwa kila taifa lenyewe, na huanzia kwa dereva anayekagua mafuta ya injini kabla ya alfajiri, kwa fundi anayekataa kufunga kipuri bandia, na kwa mkuu anayeuliza vipuri viko wapi kabla ya kuuliza gari lina kasi gani. Nchi zinazoyafanya hayo wakati wa amani hazitahangaika kutafuta magari siku ya dhiki.