Chura wa Nchi ya Kiu

 

Leo na tumtazame kiumbe mdogo. Huko Loiyangalani, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, nchi ni mawe, jua kali na upepo mwingi. Hapo yuko chura ambaye wataalamu walimpa jina la ziwa hilo mwaka 1985.  Ameonekana Loiyangalani na kando ya mto Uaso Nyiro, Samburu. Lakini kabla wanadamu hawajamwandika, Muumba alimjua.

Aishije katika nchi kavu hivyo? Chura hanywi kwa kinywa kama ng'ombe. Hunyonya maji kwa ngozi, na ngozi hiyohiyo hupoteza maji upesi juani. Basi hathubutu kukaa mbali na unyevu. Jangwa ni kubwa, bali uhai wake uko karibu na chemchemi.

Daudi naye alijua hayo katika nyika ya Yuda. Someni Zaburi ya 63. Penye kiu alimtafuta Mungu, wala hakungoja mvua inyeshe kwanza.

Twasema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Lakini mto wetu Njoro, ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, siku hizi hukauka mahali pengi wakati wa kiangazi. Ng'ombe hufika, chura wamenyamaza, na maji hakuna. Miti ya Mau imekatwa, kingo zimelimwa.

Na tukiri dhambi yetu. Shamba la kanisa letu lililimwa hadi ukingoni. Tulikula maharagwe yake, na Jumapili tukaomba mvua. Siku moja mama mmoja mzee alituuliza, "Mchungaji, twaomba maji huku tukiyafukuza?" Tulikosa jibu. Tuliiacha mistari ya ukingoni, tukapanda miti. Magunia yalipungua, na wengine walinung'unika. Lakini toba isiyogharimu kitu ni maneno tu.

Ndugu, tusikae mbali na chemchemi ya uzima, wala tusiiharibu chemchemi ya jirani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemhifadhi chura jangwani, utusamehe, utufundishe kutunza ulichotupa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.