Ujasiriamali kwa Wanafunzi wa Fani Mbalimbali, na Matumizi ya Saa za Darasa



Somo la ujasiriamali liliingia vyuo vikuu kwa mlango wa shule za biashara, na athari ya mlango ule haijafutika hata leo. Myles Mace alipoanza kulifundisha Harvard mwaka 1947, wanafunzi wake 188 walikuwa watu waliokwisha kufunzwa kusoma mizania, wanaojua mtaji ni nini na faida hupatikanaje. Ilhali sisi, kwa mpangilio usiotofautiana sana na ule, twalifundisha kwa mwanafunzi wa uuguzi, wa kilimo, wa sheria na wa fasihi, wakiwa mamia katika ukumbi mmoja, mhadhiri akizitaja kwa kipaza sauti sifa za mjasiriamali hodari, nao wakiziandika ili wamrudishie siku ya mtihani. Mhasibu husinzia kwa kuwa aliyajua hayo tangu mwaka wa kwanza, na muuguzi husinzia kwa kuwa hakuelewa neno.

Dawa inayosifiwa kwa maradhi haya ni ufundishaji mseto, yaani kuligawa somo baina ya mtandao na darasa. Wako wanaodhani kwamba jambo hili limezaliwa pamoja na kompyuta. Hasha! Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza kwa kumpelekea mwanafunzi vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu anayesoma peke yake, kisha kikamwita kwenye vituo vya mikoani kwa vipindi vya ana kwa ana. Chombo kimebadilika, lakini swali la kwamba mwalimu na mwanafunzi, wakisha kukutana, wafanye nini ambacho kisingefanyika pasipo kukutana, limebaki vile vile, na kwa rai yangu ndilo swali la pekee lenye uzito katika mjadala huu wote.

Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa ripoti iliyokusanya tafiti nyingi za aina hii, ikaonyesha kwamba, kwa wastani, waliofundishwa kwa mseto waliwashinda waliofundishwa darasani tu. Waandishi wake, kwa uaminifu, wakatahadharisha kwamba aghalabu wanafunzi wa mseto walipewa pia muda zaidi na nyenzo zaidi, hivyo ushindi ule usihesabiwe kuwa ni wa mtandao wenyewe. Waliofurahishwa na sentensi ya kwanza, nachelea kusema, hawakufika ya pili. Ndiyo maana huonekana leo chuo kimeweka mihadhara ile ile mtandaoni kwa picha na sauti, kikapunguza saa za darasa kwa nusu, kikajipongeza kwa kwenda na wakati.

Ili kulijibu swali lile la kukutana, natuchukue mfano wa maembe ya Mkuranga, ambayo msimu ukifika huiva kwa wingi kuliko uwezo wa soko kuyanunua. Wanafunzi watano wa vitivo vitano wanaazimia kuyakausha na kuyauza kwa pakiti. Wa kilimo ajua embe livunwe lini. Wa uhandisi abuni kaushio la jua. Wa sheria ajua jina la biashara lisajiliwe kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa utaratibu gani. Wa fasihi ndiye awezaye kukaa na mwanamke auzaye matunda sokoni, akamsikiliza hadi mwisho bila ya kumfundisha kazi yake. Kisha wa uhasibu afungua daftari, na kwa kuwa kilo moja ya maembe makavu yahitaji kilo 10 au zaidi za maembe mabivu, ukisha kutoa maganda, kokwa na maji, awaonyesha kwamba bei waliyoipanga haiwezi kulipa hata gharama ya tunda, sembuse pakiti, usafiri na jasho lao. Hapo ndipo ugomvi huanza, na ugomvi huo ndio somo. Mhandisi hutetea kaushio lake, wa kilimo hutaja aina nyingine ya embe, na mwalimu, akiwa na busara, hunyamaza.

Saa ya ugomvi huo haiwezi kurekodiwa. Namna ya kuandika daftari la fedha taslimu, kinyume chake, yaweza, tena yafaa, kwa kuwa mwanafunzi wa kilimo ataisikiliza usiku mara tatu bila ya kuona haya, na wa uhasibu ataipita akasome namna ya kupima ukomavu wa tunda. Kila mmoja aende kwa njia yake mpaka mlangoni, wakutane ndani wakiwa na la kupeana.

Wala kilichorekodiwa hakiachwi kikae milele. Hadi katikati ya mwaka 2019 usalama wa chakula nchini Tanzania ulisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Tangu Julai mosi ya mwaka huo kazi hiyo iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Mhadhara wa kabla ya hapo, hata ukiwa na sauti nzuri na picha safi, humtuma mwenye maembe kwenye mlango usiokuwa wake. Fauka ya hayo, picha hula bando, na bando hulipwa na mzazi. Maandishi na sauti nyepesi yatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Yupo atakayeuliza kama wanafunzi hao watakuwa wajasiriamali kweli. Oosterbeek, van Praag na Ijsselstein, katika utafiti wao wa chuo kimoja cha Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba wanafunzi walioendesha kampuni ndogo kwa mwaka mmoja hawakuzidi kwa ustadi, tena nia yao ya kuanzisha biashara ilipungua. Mimi sioni kwamba hiyo ni hasara tupu. Kijana aliyeijua mapema hesabu ya embe, akaamua kuwa mhandisi wa watu wengine, ameepukana na deni; na chuo kinachompa alama kwa matangazo mazuri, kikamnyima kwa daftari la kweli lenye hasara, kinamfundisha kudanganya.

Lililobaki ni dogo kwa sura, gumu kwa utekelezaji. Vitivo vyetu havina saa moja ya pamoja: huyu yuko maabara, yule wodini, mwingine shambani, na ratiba ya kila kitivo hupangwa kana kwamba vingine havipo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa Seneti si kompyuta wala studio ya kurekodia, bali ni alasiri moja katika kila juma, ambayo hakuna kitivo kitakachoiwekea kipindi, na wakufunzi wasaidizi wa kutosha, watakaotoka katika vitivo vyote, ili pasiwe na kundi litakalogombana bila ya mtu mzima wa kusikiliza.