Jina Jema, Tangazo la Kweli, Mtaji wa Halali

(Mada iliyowasilishwa mbele ya waumini baada ya swala ya Ijumaa)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyeifuata njia yao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma ba'ad.

Ndugu zetu katika imani,

Mada ya leo inamhusu mama anayekaanga maandazi alfajiri, kijana anayepanga kanzu na mitandio barazani, fundi cherehani, na muuza asali anayesimama nje ya lango la msikiti kila Ijumaa. Hawa ni wengi katika safu zetu. Wapo miongoni mwao wanaoswali nasi hali nyoyo zao zimejaa hofu ya mtu anayewasubiri nje kudai rejesho la wiki. Tumezoea kuwanasihi juu ya swala, funga na zaka. Ni nadra kuwanasihi namna ya kuuza na kujenga jina, na ni nadra zaidi kuwauliza wameupata wapi mtaji. Pengo tunaloliacha kwa ukimya wetu hujazwa na watu wasiochunga mipaka ya Allah.

1. JINA NDIYO RASILIMALI YA KWANZA

Wataalamu wa biashara wa zama hizi hufundisha kwamba bidhaa haiuzwi kwa ubora wake tu, bali pia kwa chapa, yaani jina na alama ambayo mteja akiiona hutulia moyo. Waislamu si wageni wa jambo hili. Kabla ya kupewa utume, Mtume (S.A.W.) alijulikana Makka kwa jina la Al-Amin. Bi Khadija (r.a.), mwanamke mfanyabiashara mwenye mali, alimkabidhi bidhaa azipeleke Sham kutokana na habari zilizomfikia za ukweli na uaminifu wake. Tuzingatie kwamba mali ile haikuwa yake. Dhamana yake ilikuwa ni jina lake.

Kwa hiyo, mwenye biashara ndogo kuchagua jina, nembo na kifungashio safi si israfu. Mfuko wa karanga usio na jina, hata ukimpendeza mnunuzi, hajui ataupata wapi tena. Aandike basi jina la biashara, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya simu. Hapa Tanzania jina la biashara husajiliwa BRELA, alama ya ubora hutolewa na TBS, na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, huwapa mafunzo wenye viwanda vidogo. Kuzijua ofisi hizi ni katika kuchukua sababu, na kuchukua sababu hakupingani na kumtegemea Allah.

Hata hivyo, tutahadhari na kuifanya dini kuwa kibandiko. Wapo wanaochapa aya za Qur'an na picha ya Al-Kaaba juu ya mifuko ambayo kabla ya jioni imekwisha tupwa jalalani. Wapo wanaoipa duka jina la kidini ili mteja aone haya kukagua mizani. Jina la namna hiyo ni mtego, na mwenye nalo atakuja kuulizwa.

2. TANGAZO LISIVUKE UKWELI

Tangazo ni maelezo ya bidhaa, na maelezo ni ushahidi. Mtume (S.A.W.) alikataza kumfunga ngamia au kondoo chuchu siku chache kabla ya mauzo ili kiwele kijae, mnunuzi adhani kuwa mnyama huyo ana maziwa mengi. Akampa mnunuzi aliyehadaiwa haki ya kumrudisha mnyama. Hilo ni katazo la kifungashio cha uongo, tangu zama ambazo hapakuwa na karatasi wala plastiki. Aidha, Mtume alipopita sokoni aliingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu ndani. Muuzaji alipotaja mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akaonywa kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake Mtume. Hivyo basi, yule anayepanga nyanya nzuri juu na zilizooza chini, na yule anayetuma kwa simu picha ya nguo isiyokuwa ile atakayoileta, hukumu yao ni moja.

Lipo pia suala la viapo. Imesihi kwamba kiapo huipitisha bidhaa sokoni lakini hufuta baraka yake. Ni mara ngapi tunasikia "Wallahi nimenunua kwa bei hii hii" mbele ya kitambaa cha elfu nne?

Na hapa tuseme wazi, maana jambo hili lipo mlangoni petu. Hadithi sahihi imekuja juu ya manufaa ya habasoda. Lakini muuzaji anayemwambia mgonjwa wa kisukari aache dawa za hospitali, atosheke na chupa yake ya mafuta, atambue kwamba anampachika Mtume (S.A.W.) jambo asilolisema, na anaweza kuiua nafsi. Tunawaomba wauzaji wetu wa asali, habasoda na dawa za asili wasiahidi wasichokijua. Na tunawaomba viongozi wa misikiti wasimruhusu mtu kutangaza dawa katika uwanja wa nyumba ya Allah kwa madai asiyoweza kuyathibitisha.

Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili na wakitoa hupunguza. Hali ya leo ni hiyo hiyo: mtu huenda shamba akanunua kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, jambo ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga vita kila msimu; kisha hurudi mjini akauza kwa kopo lililobonyezwa kitako. Mkulima kadhulumiwa, mnunuzi kadhulumiwa, na katikati yao yupo mtu anayesubiri safu ya mbele msikitini.

3. MTAJI UNAOKAUSHA DAMU

Watu wenyewe wameipa mikopo hii jina la "kausha damu", na jina limesibu. Tuchukue mfano. Mama amekopa shilingi 100,000 kwa sharti la kurudisha 130,000 baada ya mwezi. Faida yake kwa siku ni shilingi 2,000, na anafanya kazi siku 26. Jumla ni 52,000. Akiondoa 30,000 za riba, anabakiwa na 22,000, yaani chini ya shilingi 850 kwa kila siku ya kazi. Watoto wakila, rejesho limepungua; rejesho likipungua, chombo cha ndani kinachukuliwa. Hukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, na aghalabu mumewe hana habari.

Hukumu ya riba inajulikana. Allah amehalalisha biashara na kuharamisha riba, na katika Suratul Baqara ametangaza vita dhidi ya asiyeiacha. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) laana imemfikia mpokeaji, mtoaji, mwandishi na mashahidi wawili. Haya tunayahubiri mara nyingi. Lakini tukimkataza huyu mama mlango wa haramu, tumemfungulia mlango gani wa halali? Kumkemea mwenye dhiki hali sisi tuna akiba tuliyoilalia si islahi.

4. WAJIBU WA JAMAA

Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hana kitu, nduguye Saad bin Rabii alimpa hiari ya kuchukua nusu ya mali yake. Abdulrahman alimuombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu, akaanza na jibini na samli. Mmoja alikuwa tayari kutoa, na mwingine alikuwa tayari kufanya kazi. Sisi tunaitaka hali ile ya pili kwa maskini wetu, ilhali ile ya kwanza tumeiacha kwa wenye fedha.

Tunapendekeza mambo manne:

Kwanza, kila msikiti uwe na mfuko wa qardh hasan, mkopo usio na ziada. Waumini 100 wakitoa shilingi 1,000 kila wiki, baada ya wiki nne watakuwa na 400,000, mtaji wa akina mama wanne. Wakirejesha kidogo kidogo, fedha hizo huhamia kwa wengine. Mkopo uandikwe na ushuhudiwe, kama aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inavyoamrisha, na aliyepatwa na dhiki ya kweli apewe muda.

Pili, wenye mali washirikiane na vijana kwa mudharaba: huyu mtaji, yule kazi, na faida kwa mgawo waliokubaliana.

Tatu, tuwasaidie kufuatilia mikopo isiyo na riba ya halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vyetu viandikishwe, na masharti yasomwe kabla ya kutia saini.

Nne, na hili halihitaji kikao: tulipe madeni ya dukani. Mtume (S.A.W.) ameita uchelewaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Wapo wenye mishahara waliokopa kwa muuza duka "mpaka mwisho wa mwezi", na miezi imepita. Daftari lake limejaa majina ya ndugu zake katika imani, na rafu zake ni tupu. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu amwendee anayemdai.

Tunamuomba Allah (S.W.) azitie baraka kazi za mikono yetu, atuepushe na riba na ghushi, na atujaalie kuwa wakweli katika kuuza na kununua. Amin.

Wabillaahi tawfiq. Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.