Joto la Mji na Kiporo cha Nyumbani



Watu wengi wanaokuja Nairobi mara ya kwanza huambiwa ya kwamba huo ni mji wa baridi, nao hawakuambiwa uongo. Jina lake lilitokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nyirobi, maana yake maji baridi; na mahali palipochaguliwa kuwa kituo cha reli mwaka 1899 pako juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,700. Lakini mgeni akifika mwezi wa Januari au Februari, ataona mambo mengine. Vumbi huruka katika barabara ya Naivasha, na mabati ya nyumba za Kawangware huwaka kama kikaango hata kabla ya saa sita mchana. Hiyo ndiyo miezi ya kiangazi, kabla ya masika kuanza, na ndiyo miezi ambayo chakula huharibika upesi kuliko miezi mingine yote.

Wako watu wanaodhani ya kwamba habari za jikoni si habari za kuzungumzwa barazani. Kumbe katika nyumba nyingi sehemu kubwa ya mshahara hupitia jikoni, na maradhi mengi ya watoto huingia kwa mlango huo huo.

Chukueni mfano wa mtu mmoja na mkewe wanaokaa katika chumba kimoja cha ploti huko Kawangware, pamoja na watoto wao wawili. Mume anafanya kazi dukani katikati ya mji. Mke anafua nguo katika nyumba za Lavington siku tatu kwa juma. Siku ya Jumamosi mume hutelemka mpaka soko la Wakulima, ambalo watu wote huliita Marikiti, kwa sababu vitu huko ni rahisi kuliko mitaani. Hununua nyanya, vitunguu, kabichi, sukuma wiki na maembe yaliyoletwa kutoka Makueni, akapanda matatu na gunia lake, akafika nyumbani akiwa na furaha. Siku ya Jumanne nusu ya nyanya zimelainika na kutoa maji, na sukuma wiki imegeuka rangi ya manjano.

“Mama watoto,” asema mume, “pesa zote za mboga zimekwenda jalalani.”

“Baba watoto,” ajibu mke, “hazikuoza kwa uvivu wa mtu. Chumba hiki mchana ni tanuri, nami siko.”

Wote wawili wamesema kweli, wala hakuna mwenye kosa. Lakini bei rahisi ya Jumamosi imekwisha kuwa bei ghali ya Jumanne, na zaidi ya hasara ya fedha, kuna magomvi ndani ya nyumba.

Liko jambo zito kuliko mboga kuoza. Ili kupunguza gharama ya mkaa, watu wengi hupika githeri au maharagwe sufuria kubwa mara moja, wakala usiku, na kilichobaki kikawa kiporo cha kesho. Desturi hii ni ya zamani na si mbaya yenyewe. Lakini wataalamu wa afya wanafundisha ya kwamba vijidudu vya maradhi huzaana upesi sana katika chakula chenye uvuguvugu, yaani kilicho kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto. Na kwa hiyo chakula kilichopikwa kisiachwe hivi hivi zaidi ya saa mbili. Kiporo kilicholala chini ya mabati na kushinda hapo mpaka saa nane mchana kimekaa katika hatari muda mrefu kupita kiasi. Tena yafaa kila mzazi ajue ya kwamba kukichemsha upya hakutoshi sikuzote. Kuchemsha huua vijidudu, lakini ziko sumu ambazo vijidudu hivyo huziacha katika chakula, hasa katika wali, nazo haziondoki kwa moto. Mtu mzima huenda akaumwa na tumbo siku moja tu. Mtoto mchanga anayehara katika siku za joto hupungukiwa na maji mwilini haraka, naye aweza kufa.

Je, dawa ni nini? Wengi watajibu mara moja: friji. Kweli, friji ni chombo chema, na katika nyumba za ghorofa za Kilimani na Kileleshwa ni chombo cha kawaida. Lakini bei yake ni kubwa kwa mtu wa chumba kimoja, na stima yenyewe hununuliwa kwa tokeni. Tokeni zikiisha usiku, friji huwa kabati tu. Basi mwenye uwezo na anunue, wala asiye nao asikate tamaa.

Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alianza kuwatengenezea watu wa vijijini chombo cha kupoza mboga bila ya stima. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Chombo chenyewe ni vyungu viwili vya udongo usiotiwa rangi, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, na nafasi iliyo kati yao hujazwa mchanga ulioloweshwa maji. Mboga hutiwa katika chungu cha ndani, kisha juu hufunikwa kitambaa kibichi. Maji hupenya katika udongo wa chungu cha nje na kupotea hewani kwa mvuke. Na yakipotea huchukua joto pamoja nayo, hata ndani kukawa na ubaridi. Watu wa pwani hawatashangaa kusikia hayo, maana mtungi wa udongo umewapoza maji ya kunywa tangu zamani kwa njia hiyo hiyo.

Chombo hiki hufanya kazi vizuri zaidi pale hewa inapokuwa kavu na upepo unapopita, nayo ndiyo hali ya Nairobi katika miezi ya Januari na Februari. Kiwekwe kivulini, penye upepo, si ndani ya chumba kilichofungwa. Nyanya, karoti, pilipili na mboga za majani hukaa humo siku nyingi zaidi kuliko zikiachwa katika gunia. Lakini tahadhari ni lazima: ubaridi wake si kama wa friji. Nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa visitegemee vyungu hivyo. Nyama inunuliwe siku ya kupikwa, na maziwa yachemshwe na kutumiwa mapema.

Huenda mtu akauliza, “Maji yatatoka wapi?” Swali hilo ni la haki. Tangu Januari 2017 maji ya Nairobi yamekuwa yakigawanywa kwa zamu, baada ya bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994, kupungukiwa. Mtu anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 hawezi kuyamwaga mchangani ovyo. Basi yatumiwe maji yaliyokwisha kuoshea mboga. Hayo yatosha kuulowesha mchanga asubuhi na jioni.

Njia ya pili ni kupika kiasi cha kuliwa. Wengi hushindwa kufanya hivyo kwa sababu ya bei ya mkaa, ambayo ilipanda sana mwaka 2018, Serikali ilipokataza ukataji wa miti katika misitu yake. Hapa jiko lenyewe ni la kuangaliwa. Jiko la bati lenye udongo wa kuchoma ndani na kiuno chembamba, ambalo mafundi wa jua kali wamelitengeneza tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya mkaa kati ya asilimia 30 na 50 likipambanishwa na jiko la bati tupu. Jiko hilo likipunguza matumizi kwa nusu, mwenye nalo aweza kupika mara mbili kwa mkaa ambao zamani ulitosha mara moja. Lakini jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini. Wenye gesi nao wanunue kwa wauzaji wa halali. Mlipuko wa Embakasi wa usiku wa tarehe 1 Februari 2024 ulionyesha jinsi gesi iliyowekwa kinyume cha sheria inavyoweza kuteketeza nyumba za watu wasio na hatia.

Njia ya tatu imo mfukoni mwa karibu kila mtu, wala wengi hawaifikirii kuwa chombo cha jikoni. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mume aliye mjini aweza kumpelekea mkewe fedha za mboga za jioni ile ile, naye mke akanunua kwa mama mboga aliye karibu na mlango, nyanya tatu na fungu la sukuma wiki, akapika zikiwa mbichi. Ni kweli kwamba bei ya mtaani yazidi ile ya Marikiti, na kutuma fedha nako kwaweza kuwa na gharama. Lakini hesabu iliyo sawa ni ya chakula kilichofika sahanini, wala si ya kilichoingia katika gunia. Nyanya huoza, shilingi iliyo katika simu haiozi. Basi kitunguu, viazi na maharagwe makavu vinunuliwe kwa wingi sokoni, na vile vilaini vinunuliwe siku kwa siku.

Mwisho, kazi hii isiachiwe mwanamke peke yake. Katika nyumba ya mjini mke naye hutoka kwenda kazini, na kurudi akiwa amechoka kama mumewe. Kulowesha mchanga asubuhi si kazi ya kumwaibisha mwanamume, na mtoto mwenye miaka kumi aweza kuonyeshwa namna ya kufunika sufuria na kuiweka mahali pa baridi. Wazee walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Chumba kikiwa kimoja na joto likiwa kali, mafiga yote yahitajiwa. Na nyumba iliyoshirikiana katika jambo dogo la kiporo itajua kushirikiana katika makubwa.