Maji Meusi ya Mboji

Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 2,500. Kwa mkulima wa Kanyangi, Kitui, hata bei hiyo ni kamari: mvua za vuli zikikatika mapema, fedha zimekwenda pamoja na mahindi.

Tuyathamini basi maji meusi yanayochuruzika chini ya lundo la mboji. Yamebeba potasiamu na nitrojeni ambazo zingepotea bure. Tandika bati lililoinama kidogo chini ya lundo, ukinge kwa ndoo. Ila yasimwagwe yalivyo, maana makali yake huunguza mizizi. Changanya kipimo kimoja na vipimo kumi vya maji, umwagie udongo, wala si majani ya sukuma wiki. Maana palipo na samadi mbichi lundoni pana vijidudu vya kuharisha. Yakitoa uvundo, lundo limekosa hewa: ligeuze.

Maji haya hayatoshi shamba la mahindi, na anayeahidi kuwa yanatosha anawapotosha wakulima. Yanatosha bustani ya mboga kando ya jiko, nayo ndiyo inayolisha watoto kiangazi. Maafisa wa kilimo wa Kaunti ya Kitui wayafundishe haya vijijini kabla ya Oktoba.