Maktaba ya Hospitali na Manufaa Yake kwa Watumishi wa Afya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Ivuna)



Jambo tulilolichagua laweza kuonekana dogo mbele ya habari za mishahara na nyumba ambazo hujaza vikao vyetu, lakini twaomba mtustahimilie, maana ndani yake mna uhai wa watu.

Elimu ya tiba haikai mahali pamoja. Chukueni habari ya malaria, ugonjwa ambao sisi wa bonde la Ziwa Rukwa hatuhitaji kuelezwa. Mganga au muuguzi aliyehitimu mwaka 1999 alifundishwa kwamba dawa ya kwanza ni klorokwini. Mwaka 2001 Serikali iliiacha dawa hiyo kwa sababu vijidudu vilikwisha izoea, ikaweka SP mahali pake. Mwaka 2006 SP nayo ikaachwa, ikaja dawa mseto. Basi kabla ya kutimiza miaka kumi kazini, mtumishi yule alipaswa kuyaacha aliyofundishwa mara mbili. Cheti chake hakikubadilika hata neno moja.

Tena, kwa malaria kali, watu walitumia kwinini muda mrefu sana. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa watoto 5,425. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109, na katika kila 1,000 waliopigwa sindano za atesuneti walikufa 85. Tofauti ni watoto 24. Mzazi wa mmoja wao hataiita tofauti hiyo ndogo.

Mfano wa pili ni wa kutuonya zaidi. Vitabu vingi viliagiza kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vema amiminiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Uchunguzi wa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania (kwetu ulifanyika Teule, Muheza) ulitolewa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji ya chumvi kwa namna ile walikufa 105 katika kila 1,000 kabla ya saa 48 kwisha, na wale ambao hawakumiminiwa hivyo walikufa 73. Lakini angalieni: watoto wenye kuharisha hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mtu aliyeisikia habari hii nusu nusu barazani aweza kumnyima maji mtoto anayekauka kwa kuharisha, naye akamwua kwa habari iliyo kweli. Ndiyo sababu twasema kusikia hakutoshi. Yapasa kusoma, na ili kusoma yapasa pawe na mahali pa kusomea.

Sasa, maktaba ya hospitali humpa mtumishi nini? Kwanza, humpa vitabu na miongozo iliyo ya sasa, na hasa Mwongozo wa Matibabu wa Wizara ya Afya pamoja na orodha ya dawa muhimu. Pili, humpa majarida ya elimu, ambamo mambo mapya hutokea kabla hayajaingia vitabuni. Tatu, humpa mtu wa kumwuliza. Mkutubi mwema hangoji kuombwa kitabu kwa jina lake. Hupokea swali la mtumishi, akalitafutia jibu, akalileta. Huko Marekani, mwaka 1971, Bibi Gertrude Lamb alianzisha kazi ya wakutubi wanaofuatana na madaktari wodini, wakayachukua maswali hapo hapo kitandani pa mgonjwa. Nne, maktaba huwafundisha watumishi kutafuta wenyewe. Tano, humpa anayejiandaa kwa masomo ya juu meza, taa na utulivu.

Mtu aweza kuuliza: Je, hayo hubadili lo lote kwa mgonjwa? Katika mji wa Rochester, huko huko Marekani, madaktari 208 walijibu swali hilo, na habari zao zikachapishwa mwaka 1992. Wanane katika kila kumi walisema kwamba habari waliyoipata maktabani iliwafanya, au yamkini iliwafanya, kubadili jambo fulani katika kumtibu mgonjwa wao.

Mtatuambia: Hayo ni ya Rochester, nasi tuko Ivuna, maktaba kubwa ya Chuo Kikuu cha Muhimbili iko Dar es Salaam, safari ya kilometa zaidi ya 900. Ni kweli. Lakini umbali siku hizi si udhuru kama ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza sanduku la chuma la rangi ya buluu, lenye vitabu zaidi ya 100 vilivyopangwa kwa mafungu, kwa ajili ya wilaya za Afrika zisizo na maktaba. Sanduku moja ni maktaba nzima. Kadhalika kuna kitabu Mahali Pasipo na Daktari, kilichofasiriwa kwa Kiswahili chetu. Tangu mwaka 1997 orodha ya PubMed hutafutwa bila malipo kwa njia ya intaneti. Na tangu mwaka 2002 upo mpango wa Hinari, ambao kwa huo taasisi za afya za nchi kama yetu husoma maelfu ya majarida bila kulipa. Lakini haufunguliwi kwa mtu mmoja mmoja. Yapasa taasisi yenyewe ijiandikishe, na mtu mmoja awekwe kuutunza ufunguo wake.

Hapo ndipo sisi makarani tunapoingia. Kuandika barua ya kujiandikisha, kupanga vitabu, kutunza daftari la kuazima, kuondoa mwongozo uliopitwa na wakati usije ukamponza mtu: hizo ni kazi za karani. Twafahamu mahali pamoja, hatupataji, ambapo vitabu vizuri vilifungiwa kabatini na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu mmoja. Alipokwenda likizo, elimu nayo ilikwenda likizo. Kuuliza si ujinga, lakini atauliza wapi aliyebaki zamu ya usiku, na kabati limefungwa?

Mnajua kwamba tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka hapa Ivuna kutoka mbinguni. Lilikuwa halifiki hata kilo moja, lakini ni la namna adimu sana duniani. Sehemu yake imetunzwa London, na wataalamu wa nchi nyingi wameliandikia, wakataja jina la Ivuna katika majarida yao. Elimu ya Ivuna imetoka, ikafika mbali. Hatuoni sababu elimu ya walio mbali isifike Ivuna.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu, tukitumaini kwamba mkutano utayakubali. La kwanza, chama kiwaandikie wakuu wa afya wa wilaya kuomba kila hospitali na kituo cha afya kitenge kabati moja la vitabu, na taasisi ijiandikishe katika Hinari. La pili, ufunguo wa kabati ukae mahali pa zamu, usiku na mchana. La tatu, kila mahali mwanachama wetu mmoja ajitolee kutunza daftari, na kila mwaka akague miongozo, ya zamani aitoe.

Maombi haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji barua, kabati na uaminifu, na vitu hivyo twavyo.